Sajenti Nehemiah Komora Hiribae, Aliyekataa Kuondoka Malka

Wapendwa waombolezaji, jamaa zetu wa Kilelengwani, Chara na Tarasaa, na majirani zetu Waorma mliovuka mto asubuhi hii: tunayemlaza leo, Jumamosi tarehe 13 Novemba 1999, ni Sajenti mstaafu Nehemiah Komora Hiribae. Wasifu huu unasomwa na dada yake mdogo, Nyevu. Wanaume wa familia walitaka kuusoma wao, ila walitaka kuusoma kwa upole mno. Marehemu hakupenda ukali, lakini hakupenda uongo pia, na kati ya hayo mawili Nyevu ameona heri amwudhi kwa lile la kwanza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1956 katika kijiji cha Kilelengwani. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Hiribae Komora, mkulima wa mpunga, na Mama Kadii, Mgiriama aliyeolewa kutoka pande za Malindi. Kazi yake ya kwanza maishani ilikuwa kuamia ndege. Baba alimpandisha kwenye dungu katikati ya mpunga, akampa kombeo na mawe, akamwambia asishuke mpaka aje kumchukua. Siku hiyo Baba alikwenda Tarasaa, gari likakwama kwenye matope, akalala huko. Kulipokucha alimkuta mwanawe bado yuko juu ya dungu, amelowa chapachapa na amevimba uso kwa mbu. Mama alimwuliza kwa nini hakurudi nyumbani, na ndege wenyewe walikuwa wamekwenda kulala. Akajibu kwamba aliambiwa angojee. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Baba hakucheka, na tangu siku hiyo hakumwahidi mtoto yeyote jambo bila kulitimiza.

Alianza masomo mwaka 1964 katika shule ya misheni karibu na nyumbani, kisha akaendelea na sekondari Malindi kuanzia 1971 hadi 1974. Hesabu zilimpiga chenga, tusimtie chumvi. Kipaji chake kilikuwa lugha. Kipokomo kilikuwa cha baba, Kigiriama cha mama, na Kiorma alikiokota mtoni kwa wavulana waliokuja kunywesha ng'ombe. Mmoja wa wavulana hao alikuwa Diba, ambaye leo amekaa pale mbele na mkewe Kadra. Walijuana wakiwa wadogo kwa kurushiana matope, wakawa watu wazima wakiwa bado wanabishana ni nani aliyeanza.

Mwaka 1976 aliandikwa jeshini, na tarehe 18 Desemba 1982 alimwoa Sarah, binti wa kijiji cha Ngao, kanisani, mbele ya umati uliokuja kutazama viatu vya askari vilivyong'aa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Kadii na Buya. Sarah anasema kitu kilichomshangaza kwa mumewe ni kuaga. Hakutoka mlangoni bila kusema anakwenda wapi na atarudi lini, hata kama ni dukani kununua kiberiti. Ilifika mahali akamwambia, "Baba Kadii, choo ki pale nyuma ya jiko. Hakuna haja ya kuniaga." Akaendelea kuaga vilevile.

Mwaka 1995 marehemu alipelekwa ng'ambo pamoja na kikosi cha kofia za buluu, kulinda amani katika nchi iliyokuwa vitani. Familia haitaitaja nchi hiyo, kwa kuwa wafiwa wake ni wengi kuliko sisi. Mkubwa wake alikuwa Meja Shamsudin, mtu wa Kipini, mwenye Kiswahili kitamu na tabia ya kumwita kila askari ndugu yangu. Walipangiwa kulinda shule moja ambamo raia walikuwa wamekimbilia. Amri zao zilikuwa za ajabu. Bunduki walikuwa nazo, ila kuzitumia kuwalinda wale watu kulihitaji idhini. Meja alimwomba mkubwa wake aliyekuwa mji mkuu, naye akaomba kwa wakubwa walioko nchi nyingine, waliokuwa wakikaa vikaoni na hawajapata kuiona hiyo shule hata kwenye picha. Wenye silaha walikuwa nje ya ukuta. Jibu lilikuwa ni lile lile, kwamba wasubiri.

Marehemu alikuwa amekwisha kuokota lugha ya pale, ya kusalimia na ya kuulizia chumvi. Kina mama wa shule walimpikia, wakampa na jina la kwao. Ndiyo maana siku amri ya kuondoka ilipokuja, yeye ndiye aliyetumwa kusema nao. Kikosi kiliamriwa kipande malori mchana kweupe, na ili watu wasije wakalala mbele ya magurudumu, waambiwe kwamba askari wanakwenda kuteka maji. Meja alimwambia, "Sema hivyo tu, ndugu yangu. Ni amri, haitoki kwangu." Mtu ambaye hakupata kwenda dukani bila kuaga akasimama mbele ya wale akina mama, akasema wanakwenda kuteka maji.

Wakamwamini. Wakakimbia madarasani, wakatoka na mitungi yao ya plastiki, wakaipakia kwenye malori ili nayo ijazwe. Mama mmoja alifunga kitambaa chekundu kwenye mtungi wake usije ukapotea kati ya mingine. Malori yakatoka, yakapita kisimani bila kusimama, yakaenda moja kwa moja hadi uwanja wa ndege. Yaliyowapata watu wa shule ile tuliyasikia redioni, na wengi wenu mliyasikia pia, ila hamkujua kwamba yule kijana wa Kilelengwani alikuwa kwenye habari ile.

Alirudi nyumbani mwaka 1996 baada ya kuomba mwenyewe kustaafu. Hakuwa mlevi wala hakupiga watu, kama wanavyosimuliwa wengine. Alilima. Ila mtungi wa plastiki haukuingia nyumbani kwake tena. Sarah aliteka maji kwa ndoo, na majirani wakasema mke wa sajenti anaringa.

Mwisho wa mwaka huo jua lilikuwa kali, na kama ilivyo desturi, ng'ombe wakaanza kuteremka kutoka mbugani kuja mtoni. Wanaopita hapa wanajua malka ni nini: ile njia ya ng'ombe kufikia maji, katikati ya mashamba yetu. Ng'ombe mmoja akiingia kwenye mpunga, au mkulima akilima ndani ya njia, panga na mkuki havikawii. Marehemu alivuka mto kwenda kwa Diba, wakakaa siku nzima kwa chai ya maziwa. Alimwambia kwamba kule ng'ambo aligundua ni kwa nini ilikuwa rahisi kuondoka. Hapakuwa na kitu chao ndani ya ule ukuta. Mke wa Meja angekuwa amelala mle darasani, idhini isingengojwa.

Basi wakapatana jambo ambalo wazee wa pande zote mbili walilipinga kwa pamoja, na hilo peke yake lilikuwa maajabu. Atakayelinda malka, jamaa yake mwenyewe alale upande wa pili, kwa wale anaowalinda. Sarah ahamie kijijini kwa Diba kwa majira yote ya ukame, na Kadra aje Kilelengwani. Walinzi wengine wafanye vivyo hivyo, kila mmoja amtoe mke, mama au dada. Diba aliwaambia wazee wake, "Bibi yangu nalala pale kwa Nehemiah. Sasa wewe tupa mkuki. Tupa, mimi nangalia wewe."

Sarah alipoambiwa, aliuliza, "Baba Kadii, unaniweka rehani?"

"Ndiyo," akasema.

"Haya. Lakini sufuria nabeba yangu."

Kadra naye alipofika kwetu alisema nyumba inanuka samaki na akala kwa kuziba pua, wakati Sarah huko aliko alilalamika kuwa maziwa yana moshi. Malalamiko yalivuka mto kila jioni. Mikuki haikuvuka. Malka ilipitika mpaka mvua ilipokuja, na ilipokuja mwishoni mwa 1997 ilikuja ile ya mafuriko mnayoijua wenyewe, ikawafurusha wakulima na wafugaji wakapanda sehemu moja ya mwinuko, wala hapakuwa na aliyehitaji kulindwa dhidi ya mwenzake.

Habari za malka yetu zikafika Nairobi. Mwaka 1998 alikuja mgeni kwa gari jeupe, na marehemu alipomwona akiteremka alishika mlango. Alikuwa Meja Shamsudin, sasa mstaafu na mshauri wa shirika moja la amani. Shirika hilo hatutalitaja, kwa kuwa linajitaja lenyewe vya kutosha. Alimkumbatia Nehemiah, akalia, na tunaamini machozi yale yalikuwa ya kweli. Alisema ulimwengu umeona aibu, kwamba sasa kazi ya kulinda amani inafanyiwa marekebisho kutoka juu hadi chini, na kwamba watu wanataka kumsikia mtu aliyekuwa pale.

Akampeleka kwenye warsha Nairobi. Marehemu alisimama mbele ya watu wenye suti akasema mambo mawili. La kwanza, idhini ya kuwalinda watu ikae kwa mtu anayewaona kwa macho yake. La pili, anayelinda awe na kitu chake kati ya wanaolindwa, na kama ni lazima aondoke, awaage kwa ukweli ili wapate nafasi ya kukimbia. Walimpigia makofi. Walimwita mzee wa hekima, walimvika kilemba cha ukoka, wakaenda kula. Aliporudi alimwambia Sarah kwamba chakula kilikuwa kizuri.

Marekebisho yalipofika kwetu, mjini Garsen, yalikuwa na ofisi, redio ya mawasiliano na vizibao vyenye maandishi mgongoni. Walinzi wa malka wangeajiriwa, tena watoke mbali, ili wasiwe na upande. Mambo ya wake kulala ng'ambo hayakuwemo. Marehemu alipouliza, Meja alimwambia, "Ndugu yangu, jambo lile ni zuri, lakini ni la kienyeji. Siwezi kulipeleka kwa wafadhili kwamba tunabadilishana wanawake. Watatuelewaje? Redio hii hapa. Kukiwa na neno, unaita, gari linafika."

"Na idhini?" marehemu akauliza.

Meja akamwekea mkono begani. "Safari hii nitakuja mimi mwenyewe. Wallahi nitakuja."

Sarah alimwambia mumewe waziwazi kwamba mtu aliyemtuma aseme uongo mara moja hatashindwa kumfanya auishi. Dada yake, huyu anayesoma, alimwambia maneno makali zaidi ambayo hayafai kuchapishwa. Hakutusikia. Alitaka sana kuamini kwamba vifo vya ile shule vimewafundisha watu kitu. Mtu aliyepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa hachekwi kwa hilo. Aliyempaka ndiye tunayemtazama. Ukame uliporudi, Kadra alibaki kwake na Sarah akabaki kwake.

Alhamisi tarehe 28 Oktoba mwaka huu, baada ya mvua kukosekana, ng'ombe waliingia shamba moja karibu na malka, na mmoja akachomwa mkuki. Kufikia saa nne watu walikuwa wanakusanyika pande zote mbili. Marehemu aliita kwa redio. Kijana wa ofisi ya Garsen akajibu kwa adabu, "Nimepokea, mzee. Mtulie hapo, tunasubiri idhini ya Nairobi." Aliita tena, akajibiwa vivyo hivyo. Walinzi wa kuajiriwa walisikia pia. Wakavua vizibao, wakavikunja vizuri, wakaviweka juu ya jiwe, wakaondoka kuelekea barabarani. Hatuwalaumu sana. Hawakuwa na mtu hapa.

Kisha sauti ya Meja mwenyewe ikaja redioni kutoka Nairobi. Waliokuwa karibu waliisikia. "Sajenti, gari haliwezi kuja leo. Ondoka hapo. Hiyo ni kwa usalama wako."

Marehemu akasema, "Nikawaambie watu nakwenda wapi, afande?"

Marehemu akaweka redio chini, akaenda kusimama katikati ya malka, mikono mitupu. Diba akamwona kutoka upande wa pili, akaacha fimbo yake, akaja akasimama naye, wakapeana migongo, kila mmoja akiwatazama watu wa mwenzake. Walisimama hivyo jua likiwachoma, wakiita watu kwa majina ya baba zao. Kundi likaanza kulegea. Lilipokuwa linalegea, jiwe likatoka, halijulikani lilitoka upande gani, likampata marehemu nyuma ya sikio. Diba alimdaka kabla hajafika chini. Damu ile ndiyo iliyowatawanya watu. Mbali na yeye hakuna mtu aliyeuawa siku ile.

Alichukuliwa na lori la maembe hadi hospitali Malindi. Gari jeupe la shirika lilifika malka siku ya pili, limeoshwa. Madaktari walisema damu imevilia kichwani, nao walifanya kila waliloweza, na familia inawashukuru kwa dhati. Kwa siku chache alipata fahamu. Alimwambia Sarah kwamba mtu yeyote asije akasema jiwe lilikuwa la Waorma, wala asiseme lilikuwa letu. Meja alikuja kumtazama, akapiga magoti kando ya kitanda, akasema kwamba yeye naye alikuwa chini ya amri, mara zote mbili. Marehemu alimwambia anajua. Hakumwomba kitu kingine ila kimoja: katika mambo yanayoandikwa kuhusu marekebisho, aseme wazi kwamba wale watu waliambiwa maji. Meja akaahidi. Sajenti Nehemiah alifariki Jumanne tarehe 9 Novemba 1999, alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu.

Siku ya Alhamisi shirika lilituma watu nyumbani. Waliomba kofia ya buluu iwekwe juu ya jeneza, na nembo yao iwekwe kwenye ukurasa wa kwanza wa ratiba hii, chini ya maneno shujaa wa amani. Sarah alikataa yote mawili. Meja Shamsudin naye aliomba asome salamu za rambirambi. Familia ilimjibu kwamba anakaribishwa, ila asome jambo moja tu, lile alilomwahidi mtu aliyekuwa anakufa. Alisema yuko tayari kwa moyo wote. Alisema tu kwamba kwanza lazima aombe idhini. Tulingoja mpaka jana jioni, mpiga chapa akachoka. Kwa hiyo hamtaona jina lake kwenye ratiba, na jambo lile mmelisikia kutoka kwa mwanamke wa Kilelengwani asiye na cheo.

Marehemu ameacha mjane, Sarah. Watoto wawili, Kadii na Buya. Dada mmoja, Nyevu. Na ndugu yake Diba pamoja na Kadra, ambao familia inawahesabu kuwa wafiwa na wamekaa mahali pa wafiwa. Ameacha pia watu wa ile shule, kama wapo waliosalimika. Hatujui majina yao, na hatuna njia ya kuwapasha habari kwamba askari wao amekufa.

Kaka, umefika zamu ambayo haina mkubwa wa redioni. Pumzika kwa amani, mahali ambapo hakuna wa kukuamuru uondoke.